Hadithi Isiyo na Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri, wajukuu zangu, lakini nawaonya mapema: hadithi ya leo haina zimwi. Haina binti wa sultani wala sungura mjanja. Hakuna anayemezwa na hakuna anayetajirika. Atakayechoka ainuke taratibu, asimkanyage mwenziwe, aende zake nje, sitamkasirikia. Wanaobaki wasogee, maana sauti yangu si ile ya zamani.

Ni hadithi ya saa tisa alasiri. Mnaijua saa hiyo. Chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, jua bado kali, mkubwa wa nyumba amejilaza. Mtoto anazunguka ukumbini. Anafungua friji, anaifunga bila kutoa kitu. Anajitupa kwenye kochi, miguu juu kichwa chini, halafu anasema, "Naboeka!" kwa sauti ambayo utadhani nyumba inaungua.

Kumbe wapo watu ambao saa hiyo hiyo ndiyo tamu kuliko zote, na si kwamba wana jambo kubwa la kufanya. Wana jambo dogo. Walilifanya jana, wanalifanya leo, na Mungu akipenda kesho watalifanya tena. Hao ndio watu wa hadithi yangu.

Kuna bibi mmoja jirani, huku huku upande wa mashariki wa Unguja. Ukipita kwake baada ya adhuhuri utamkuta amekaa chini barazani, miguu ameinyoosha, fungu la ukindu limelazwa ubavuni pake chini ya kitambaa kibichi ili lisikakamae. Mikono inasuka, macho yako njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mama yako hajambo? Na mdogo wako, ile homa imempungua?"

Anauliza yote hayo, anangoja majibu, anamkaribisha mgeni aketi, na vidole havijasimama hata mara moja.

Kwa ambao hamjawahi kukaa karibu na kazi hiyo, niwaeleze kidogo iwavyo. Mkindu ni jamaa ya mtende. Huota penye majimaji na pembezoni mwa misitu. Hukatwa majani yake machanga, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha yakachanwa vipande vyembamba vinavyolingana. Vinavyotakiwa rangi huchemshwa sufuriani na rangi ya unga, nyekundu au kijani au zambarau, vikaanikwa tena. Hapo ndipo kusuka kunapoanza. Vipande hupishana, hiki juu, hiki chini, na kinachotoka ni mkanda mrefu mwembamba uitwao ukili. Ukili hauna mwisho wake. Kipande kikiisha, unaingiza kingine palepale na hakuna atakayejua ulipounga. Kadiri unavyosuka ndivyo unavyouviringisha, na mviringo unanenepa wiki hadi wiki. Ukipimwa, hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima zikitosha, ukili hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa, na hapo kwa mara ya kwanza mkeka huonekana. Kabla ya hapo hakuna mkeka. Kuna mkanda tu, na bibi aliyekaa.

Siku moja mtoto mmoja, mwenye maswali kuliko nyote, alimuuliza mbele yangu: "Bibi, haikuchoshi? Kila siku kitu kile kile?"

Bibi akacheka. "Kile kile kwako wewe unayetazama," akasema, akaingiza kipande chekundu.

Jibu lile lilinishughulisha. Nikaanza kukaa karibu naye si kwa ajili ya mazungumzo tu, bali kutazama anachokifanya. Na kweli, hakikuwa kile kile. Ukindu huu umekauka zaidi, anaupitisha kwa upole. Ule ni mpana kidogo, anaukata kwa ukucha. Chekundu lazima kiingie baada ya vyeupe kadhaa, akikosea hesabu pambo litakwenda upande. Yeye hahesabu kwa mdomo, vidole vinahesabu. Mwanafunzi wake, mjukuu wa kike wa umri wenu, hutoa ulimi nje anaposuka na hawezi kumsikia mtu. Bibi yeye vidole vyake vimeshajifunza, vikamwacha huru. Kichwa kinabaki bila kazi, na hapo masikio yanafunguka: anasikia kuku wa jirani, anasikia nani kapita, anasikia hata yale ambayo mgeni wake hakuyasema.

Hapa nisimame kidogo, maana nimewaona wapita njia wenye kamera wakisema eti wanawake wa pwani wana furaha kwa sababu wanasuka. Sikubaliani nao. Mikeka inauzwa, na bibi anahitaji fedha kama mtu mwingine yeyote. Akija mchuuzi na kutaka mikeka mingi kabla ya Idi, bibi huyo huyo husuka bila kuzungumza, bega limepanda, shingo inamuuma. Ukindu ni ule ule na vidole ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayemfukuza. Kwa hiyo msije mkasema babu katuambia kazi ngumu ni raha. Nasema kwamba katikati ya kazi zipo saa ambazo hakuna anayemfukuza, na saa hizo bibi huzitafuta mwenyewe. Nimemwona akisuka wakati hana mteja hata mmoja.

Wanaume nao wana yao. Tazameni kofia za viua, hizi za kitambaa cheupe wanazovaa watu kwenda msikitini. Pambo lake huchorwa kwanza, kisha hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mpaka ua litokee. Kofia nzuri hula wiki nyingi, nyingine miezi. Huku Zanzibar na kule Lamu utamkuta kijana amekaa kivulini na kofia mkononi, na mtu asiyejua atasema kijana huyu hana kazi. Mwacheni aseme.

Kuna swali moja la wakubwa ambalo nataka mlijue mapema, kwa sababu mtaulizwa maisha yenu yote: "Litakupa faida gani hilo?" Wakati mwingine ni swali la haki. Kama unachuma karafuu za mtu, faida lazima ijulikane. Lakini usilijibu kila linapoulizwa. Kuna mambo ukiyatafutia faida yanaota miguu, yanakimbia.

Sasa tutoke barazani twende pwani.

Yuko mzee mmoja, mvuvi wa zamani, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuingia chomboni. Kila siku hushuka ufukweni. Hana ndoano, hana wavu. Anasimama, anatazama jiwe moja lenye nyufa, anakaa kidogo, anarudi nyumbani. Watoto wa mtaa wana yakini kwamba anamngoja mtu aliyepotea baharini. Ni hadithi nzuri, ila si kweli. Anatazama maji yamefika wapi.

Mnacheka. Ngojeni niwape siri yake, kisha mcheke.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban. Nasema takriban kwa sababu utamu uko hapo. Leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho hayatajaa saa nne. Yatachelewa kama dakika 50. Kesho kutwa yatachelewa dakika nyingine 50. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuyavuta kwa nguvu zaidi ni mwezi, na mwezi hausimami. Dunia inapojizungusha mara moja, mwezi nao umeshasogea mbele kidogo katika njia yake, na dunia inalazimika kujizungusha dakika zile 50 za ziada ili kuufikia. Sasa jumlisheni wenyewe. Siku saba za kuchelewa dakika 50 zinafika karibu saa sita. Maana yake, ukienda ufukweni leo saa nne ukakuta maji yamejaa, wiki ijayo saa nne ile ile utakuta yamepwa. Na wiki inayofuata yamejaa tena, jiwe lile lile, saa ile ile, kama vile hayakuwahi kuondoka.

Hayo ni ya saa. Kuna na kimo. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta upande wake, na bahari inakuwa na uvivu: haipandi sana, haishuki sana. Hayo ndiyo maji mafu. Siku za bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu inaweza kufika karibu mita 4. Mtu mzima akisimama juu ya mabega ya mwenziwe bado hajafika. Huku mashariki, Paje na Jambiani, bahari hukimbilia mbali mpaka karibu na mwamba, na akina mama wa mwani hutembea kwa miguu palepale ambapo alasiri chombo kitapita. Kilimo hicho cha mwani kilianza huku mwishoni mwa miaka ya 1980, na wenye nacho huishi kwa saa za maji kuliko saa za ukutani. Muulizeni mmoja wao lini kutakuwa na bamvua. Hatatoa simu. Atakumbuka jana usiku mwezi ulikuwaje, atakwambia.

Na yule mzee anayajua yote haya tangu utoto. Basi kama anajua maji yatafika wapi, anakwenda kutazama nini?

Nilimuuliza. Alinitazama kwa huruma. "Naenda kuona kama na bahari inajua," akasema.

Mara nyingi inajua. Lakini Kusi ikivuma kwa nguvu siku tatu mfululizo, maji hupanda juu ya alama yake. Siku nyingine yanachelewa. Mzee hurudi nyumbani uso umemng'aa, anamweleza mkewe kwamba leo yamefika ufa wa tatu, wa tatu kabisa! Mkewe, ambaye ameyasikia hayo tangu kuolewa, anasema, "Alaa," na anampa chai. Asiyejua kitu kuhusu bahari, siku ile aliona maji. Mzee aliona jambo lisilotarajiwa. Mnaona tofauti? Watu hudhani ukikijua kitu sana kinakuchosha. Mimi naona kinyume chake. Kinachochosha ni kukijua nusu nusu, kiasi cha kusema "nimeshakiona", halafu ukageuza uso kabla hakijakuonyesha kitu.

Kama mnakaa karibu na bahari, nawapa kazi. Chagueni alama moja isiyosogea: jiwe, ngazi ya gati, nguzo. Nendeni na mkubwa, na msigeuzie bahari mgongo. Chukueni daftari la shule lililobaki kurasa. Andikeni tarehe, saa, maji yamefika wapi, na mwezi ulivyokuwa jana usiku. Msiandike "bahari ilikuwa nzuri". Bahari haihitaji sifa zenu. Andikeni "maji yamefika ngazi ya pili, upepo wa Kusi, kuna majani mengi." Wiki ya kwanza itawachosha, nasema kweli. Wiki ya pili mtaanza kubishana. Wiki ya tatu mmoja wenu atasema kabla ya kufika, "Leo hatutaikuta ngazi ya tatu," na mtakapofika mkaona ngazi ya tatu haionekani, mtapiga kelele mpaka wavuvi wageuke.

"Mimi bahari sina," atasema mtoto wa Dodoma, na wa Nakuru, na wa Gitega. Ni kweli. Lakini mwezi unao, na hauhitaji nauli. Ndege unao pia. Hata kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu anayewaibia maandazi Dar es Salaam na Mombasa si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi, akaletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, kisha akajieneza mwenyewe. Ni mwizi, huvamia viota vya ndege wengine, na simtetei. Ila mtazameni kwa muda bila kumtupia jiwe. Mtaona anavyomtazama mtu usoni kabla ya kuiba, na anavyoficha mfupa kisha akatazama nyuma kama kuna aliyemwona. Mimi huyu adui yangu amenipotezea alasiri nyingi, na sizidai.

Au kanga za nyumbani kwenu. Kila kanga ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Hupita mbele ya macho yenu kila siku, yamebeba mtoto, yamefunika unga, yanaanikwa kwenye kamba, na nina hakika wengi wenu hamwezi kunitajia jina la kanga aliyovaa mama asubuhi ya leo. Naona mnatazamana! Anzeni daftari la majina ya kanga. Upande wa kushoto andikeni jina, na upande wa kulia andikeni kwa nini kanga ile ilinunuliwa. Hapo mtalazimika kuuliza. "Wema hauozi" ilinunuliwa na nani, akampa nani, baada ya jambo gani? Baadhi ya majibu mtapewa. Mengine mtaambiwa "mtoto huyu ana maswali, nenda kacheze," na hapo mtajua kwamba kanga ile ilikuwa na maneno yake na jirani. Andikeni hivyo hivyo: "Amekataa kusema." Ni jibu zuri sana.

Msidhani haya ni ya wazee wa barazani tu. Shaaban Robert mnamsoma shuleni. Alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki 1962, na tunapomtaja tunamtaja kama mshairi. Mshahara wake ulitoka kwenye ukarani. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani, na vitabu vyake viliandikwa katika muda uliobaki. Na pembeni ya vitabu alikuwa na mazoea mengine madogo: kumwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua za kuanzia 1931 hadi 1958, ambazo baadaye zilikusanywa zikawa kitabu. Zamani hizo hizo kulikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923 na kutoka mara moja kwa mwezi. Makarani, walimu na watu wengine wa kawaida walilipelekea mashairi. Mmoja wa Tanga anauliza kwa shairi, mwingine wa mji wa mbali anajibu kwa shairi. Hebu fikirini kungoja mwezi mzima ili ujue kama umejibiwa, kisha mwezi mwingine ili jibu lako lisomwe! Hakuna aliyetajirika. Ila nadhani mtu yule aliyengoja jibu, akiwa njiani kwenda ofisini, alikuwa akihesabu mizani kwa hatua zake, na njia ikawa fupi.

Mwalimu Nyerere naye, akiwa ameshika nchi changa yenye shida zake zote, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar. Ilichapishwa 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Na alipenda bao, alilipenda sana.

Nani kauliza kuhusu simu? Nimesikia. Nilikuwa nalingoja swali hilo. Simu siichukii, usiku husikilizia taarifa ya habari humo humo. Na nimeonyeshwa kwamba hata bao limo ndani yake. Tatizo langu na simu ni moja tu: haikuachi ukitazame kitu mara ya pili. Kabla hujamaliza hiki, kidole kimeshavuta kingine, na kingine, na vyote vipya. Jiwe la yule mzee halina kitu kipya cha kumuuzia. Linamlazimisha yeye ndiye awe mpya. Mkitaka simu, chukueni, lakini saa tisa ikiwashinda msishangae.

Haya, bao. Nimeliweka mwisho kwa sababu nikilitaja mwanzo hamtanisikiliza tena.

Baada ya swala ya alasiri piteni Mji Mkongwe, pale Jaws Corner au baraza yoyote yenye kivuli. Mtakuta ubao umewekwa kati ya wazee wawili, na watu sita wamewazunguka, wote wanajua zaidi kuliko wanaocheza. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Mtu anakula kashata na kutoa amri: "Kula, kula hapo, unaogopa nini!" Nawaambia haya ili msidhani raha ya utulivu lazima iwe kimya. Pale pana kelele, pana kejeli, kuna mzee atakayeitwa majina mabaya kabla ya magharibi, na bado mioyo ya watu wale imetulia kuliko ya mtu aliyejifungia chumbani.

Bao lenyewe lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kete ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe, ambazo hung'aa zaidi kadiri zinavyoshikwa. Kila mchezaji ana safu mbili zake. Shimo moja katika safu yake ya mbele ni kubwa na lina pembe nne. Hiyo ndiyo nyumba, na kuna watu wameipoteza nyumba yao ya bao wakashindwa kula chakula cha usiku. Mchezo huanza kete 6 zikiwa nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni mwake, na 22 mkononi. Kwanza unanamua, unaziingiza za mkononi moja moja. Zikiisha, mnacheza mtaji, kwa zilizomo ubaoni tu. Fundi hutawanya kete kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na anajua itakapolala ya mwisho kabla hajashika ya kwanza. Mtafiti mmoja Mholanzi, Alexander de Voogt, alikuja kukaa na mafundi wa Zanzibar kuchunguza wanavyofikiri, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya ufundi huo. Wazee walimfundisha, na nina hakika walimfunga pia.

Lakini ninyi msianzie huko. Anzieni bao la kujifunza, ambalo ndilo watoto wengi huanza nalo. Hamhitaji ubao. Chimbeni mashimo uani, safu nne, nane nane, mahali ambapo mama hatapita na ndoo. Okoteni vijiwe 64 vinavyolingana. Wekeni viwili viwili kila shimo, vitaenea bila kubaki hata kimoja. Safu mbili zako, mbili za mwenzio, na kete zako huzungukia kwako tu. Chukua zote za shimo moja lenye mbili au zaidi, tawanya moja moja mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, imelala, mwenzio acheze. Ikiangukia penye kete katika safu yako ya mbele, na shimo la mwenzio linaloikabili lina kitu, umekula: zichukue zake, uzitawanye kwako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kama ni penye kete lakini hakuna cha kula, zoa zote zilizomo uendelee. Safu ya mbele ya mmoja ikibaki tupu, hamna, amefungwa.

Nani aanze? Msigombane. Aanze mdogo. Na mkubwa asimwelekeze.